Hodi ya Miti

Kitu cha kwanza nilichokabidhiwa kazini kilikuwa filimbi. Jembe lilikuja baadaye. Bwana Kahwa, aliyenifundisha kazi, alinivalisha filimbi hiyo shingoni kwa kamba ya katani, akanieleza kwamba mlio mmoja mrefu maana yake watu wakusanyike, na milio mifupi mifupi maana yake kila mtu akimbilie upande anaoujua. Nikamwuliza, na kama siujui upande wowote? Akasema basi nimfuate yeye, kwa sababu njia zote za kukimbilia alikuwa amekwisha kuzichunguza.

Mmeniomba, ninyi mliobaki kitaluni, niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka kichwani. Vyeo sitaviandika. Vilichelewa kuja, na vilipokuja havikuotesha hata mche mmoja. Mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika jinsi tulivyokipanda kile kilima cha chemchemi kule Ntobeye, maana nimesikia mkiwaambia wageni kwamba kilipandwa na jamii kwa ushirikiano mzuri. Ushirikiano ulikuwepo, sikatai. Ila mnauruka woga, na miaka ile ya wakimbizi hatukufanya jambo lolote bila kuogopa. Tuliogopa tukichimba, tuliogopa tukila, na usingizi wenyewe tuliupata kwa vipande.

Nilianza kama mtu wa kujitolea, sina hata kitambulisho, mwanangu Deo yuko mgongoni. Chemchemi yetu ilikuwa chini ya kilima, na upande wa pili wa bonde, mahali ambapo nilizoea kuona malisho, palikuwa pameota kambi. Nasema pameota kwa sababu sijui neno jingine. Msimu mmoja kulikuwa na ng'ombe, msimu uliofuata kulikuwa na turubai hadi macho yanachoka. Watu wale walikuwa wamevuka mpaka na sufuria tupu na watoto, na chakula walichopewa kilikuwa mahindi na maharage, vitu ambavyo haviivi kwa maneno. Wakakata kuni. Kwanza matawi, halafu mashina, mwisho wakachimba mizizi. Sikuwahi kuwalaumu na leo siwalaumu. Lakini kilima kilibaki kipara, mvua ikishuka inashuka na udongo wote, na chemchemi ikaanza kutoa maji ya rangi ya chai ya maziwa, tena kidogo.

Hapo ndipo hofu ya kweli ilipoanza. Wanakijiji walikaa mkutano wakaafikiana hivi: watu wa kambini wataendelea kuteka maji yetu, kwa sharti kwamba kilima kifunikwe miti kabla masika hayajaisha. Kisipofunikwa, chemchemi itazungushiwa uzio na vijana wenye mapanga watasimama langoni. Kila mtu mkutanoni alijua maana yake. Kuna watu kule ng'ambo ya bonde ambao hawakuwa na mahali pengine pa kuteka, na kuna vijana wetu ambao walikuwa wanatafuta sababu tu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba tusipopanda miti watu watauana kwenye maji. Akanijibu kwamba basi na mimi nisiwe mahali hapo. Kesho yake nikaenda kujiandikisha.

Bwana Kahwa alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mkavu, mwenye koti la mvua ambalo hakulivua hata juani. Alikuwa mwoga hadharani, na nadhani ndiyo sababu tulimpenda. Alinifundisha kuchimba shimo mapema kabla ya mvua, udongo wa juu kuuweka upande wa juu na wa chini upande wa chini, ili mche upate ule mweusi wenye mboji. Alinifundisha kupasua kiriba, ule mfuko wa plastiki unaooteshewa mche, kwa wembe badala ya kuuvuta mche kama mtu anayeng'oa jino. Alinifundisha kutengeneza kipimo cha fito tatu zilizofungwa kama herufi A, na uzi wenye jiwe katikati, kwa ajili ya kuchora makinga maji yanayofuata usawa wa kilima. Na alinikataza kabisa kupanda mikaratusi karibu na chemchemi, kwa sababu mkaratusi unakunywa kuliko harusi.

Mbegu nyingi tulizifuata Biharamulo, upande wa Nyantakara na Bisibo, kwa wakulima waliokuwa bado na miti mikubwa mipakani mwa mashamba. Safari hizo sizitaki tena hata ndotoni. Msituni kulikuwa na majambazi waliokuwa wanasimamisha magari, kwa hiyo tulisubiri msafara upangwe, askari mbele, askari nyuma, na sisi katikati tumekaa kimya kama watu walio kanisani. Bwana Kahwa alikuwa akipakata kifurushi cha mbegu za misave, ile miti ya mbao yenye maua ya njano, kifuani kwa mikono miwili, kana kwamba jambazi atatoka porini na bunduki aombe mbegu. Nilitaka kumcheka nikashindwa, maana mimi nilikuwa nimeishika filimbi kwa meno njia nzima, na tulipofika ilikuwa na alama ambazo zipo mpaka leo. Mwangalieni mwenye nayo sasa, atawaonyesha.

Kambini tulipata watu wa kujitolea pia, na wa kwanza alikuwa Konsolata. Alikuja kitaluni asubuhi moja akasimama pembeni, kitenge kimefungwa mpaka kooni, akatazama jinsi ninavyojaza viriba. Baada ya muda akaninyang'anya kazi taratibu, bila ubishi, akaonyesha kwamba nikiupiga mfuko chini mara kwa mara udongo unakaa vizuri na haubaki na matundu ya hewa. Kwao alikuwa na kitalu cha kahawa. Kilikuwa wapi, cha nani, kiliishaje, hakusema na sikuuliza. Tulizungumza kwa lugha zetu, maana Kihangaza changu na Kirundi chake ni majirani wanaosikilizana, na Kiswahili alikiokota palepale kitaluni: kiriba, mche, mboji, kumwagilia, kupanda. Alikuwa na maneno ya kazi tu. Hakuwa na hata moja la kusimulia kilichompata, na nadhani alipenda iwe hivyo.

Konsolata hakuweza kustahimili kusikia mtu akija nyuma yake. Mtu akikanyaga tawi kavu, anaruka, na kilicho mkononi kinaanguka. Tulipoteza miche mingi kwa namna hiyo mpaka sote tukajifunza kukohoa kabla ya kukaribia. Nilikuwa nikimwona anavyotetemeka nami natetemeka, tunatazamana, halafu tunaendelea kujaza viriba.

Uzio wa kitalu ulikuwa wa miti ile yenye maua mekundu ambayo ukichomeka tawi lake tu linashika. Kwa Kirundi na Kihangaza tunaiita umurinzi, na sisi watu wa huku, ambao el na ere zinatuchanganya, hatuoni tofauti kubwa kati ya jina hilo na mlinzi. Siku moja alikuja askari mgeni kukagua usalama, akamwuliza Konsolata ni nani anayelinda hapa usiku. Konsolata akauonyesha uzio akasema, umurinzi. Askari akatazama, akauliza tena kwa ukali mlinzi yuko wapi, akaonyeshwa tena mti. Ilibidi Bwana Kahwa aje kumwokoa kila mmoja kutoka kwa mwenzake. Ndiyo siku pekee niliyomsikia Konsolata akicheka.

Wa nne katika kundi letu alikuwa Selemani. Huyu alitoka Biharamulo mjini, katika familia ya wafanyabiashara ambao babu yao alikuja kutoka pwani na kanzu na marobota ya vitambaa. Alikuwa anauza sabuni na chumvi kwenye soko la kambini, akakiona kilima kilivyo, akasema hawezi kuuza sabuni mahali ambapo hakuna maji ya kufulia. Akawa anatupa nusu ya siku zake. Jembe lilimshinda, viganja vilimtoka malengelenge kama mtoto wa shule, lakini alikuwa na kipaza sauti cha betri alichokitumia kutangazia bidhaa, na alikuwa anaipenda sauti yake mwenyewe kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Tukampa kazi ya matangazo. "Dada Skola," aliniambia, "Kirundi mimi nakijua. Nauza kwa Kirundi, nakopesha kwa Kirundi, natukanwa kwa Kirundi. Kimebaki nini?"

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo jambo lenyewe lilipo.

Mvua zilipokolea, udongo ukawa umelowa mpaka chini ya shimo, na Bwana Kahwa akaamua tupande kilima kizima kwa asubuhi moja, watu wote kwa pamoja, kabla kijiji hakijaanza kusimika nguzo za uzio. Yeye alikuwa anakwenda Biharamulo kuleta miche iliyobaki. Wakati anapanda gari alimpigia Selemani kelele: watangazie kambini, kesho asubuhi tunapanda kilima chote. Selemani akaitikia, akabadilisha betri, akaenda zake.

Mimi na Konsolata tulikuwa kitaluni tunachambua miche. Ilikuwa alasiri, jua limetoka baada ya mvua, bonde limetulia, na sauti ya Selemani ikatufikia kutoka kambini wazi kabisa, kila neno. Alisema: "Ejo mu gatondo tuzotera umusozi wose." Akarudia, kwa furaha ileile ya kutangaza sabuni.

Kwa wale mnaotoka mbali nitafafanua. Kupanda mti, kwa lugha hizo, ni gutera. Lakini kushambulia nako ni gutera, neno lilelile, halina hata nukta ya kulitofautisha. Na umusozi, kilima, ni zaidi ya udongo ulioinuka. Kule ng'ambo watu huishi kwa vilima. Ukimwuliza mtu kwao, anataja kilima. Ukisema utatera ibiti, umesema utapanda miti na hakuna atakayegeuka kukutazama. Ukisema utatera umusozi, umesema utawashambulia watu wa kilima hicho. Selemani alichukua Kiswahili cha Bwana Kahwa akakigeuza neno kwa neno, na kila neno alilipatia. Hata sisi kwa Kiswahili, ukisema tutapanda kilima, mgeni atadhani tunakwenda kutembea. Lakini mgeni huyo atakosea tu kuvaa viatu. Kambini walisikia hivi: kesho asubuhi tutakishambulia kilima chote.

Na wiki zile, kwa sababu ya habari za uzio, kulikuwa na uvumi kila turubai kwamba wanakijiji watakuja kuwafukuza.

Kiriba kilimdondoka Konsolata. Safari hii hakuruka. Alisimama wima, midomo imekauka, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama Deo, hivyo ndivyo walivyosema kwetu." Kisha akakimbia.

Ng'ambo ya bonde nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tena. Hakikuwa kelele. Kelele zilikuja baadaye. Kwanza kambi nzima ilinyamaza, watu wengi hivyo, na watoto wao, na kuku wao. Filimbi ilikuwa shingoni na sikuweza kuamua nipulize mlio upi, kwa sababu wa kukusanya ungewatisha na wa kukimbia ungewatisha zaidi.

Nilimkuta Konsolata amejikunja ndani ya mtaro wa kinga maji, uso kwenye tope. Nikaingia mtaroni nikalala kando yake, maana nilijua nikisimama juu yake nitamuua kwa hofu. Nikamwambia ni Selemani. Nikamwambia alitaka kusema miti. Halafu akaniuliza kama nina hakika. Nawaambia ukweli, miaka ile sikuwa na hakika hata kama jua litachwa salama, na kijiji changu nilikifahamu. Nikamjibu kwamba kijiji siwezi kukisemea, ila Selemani nina hakika naye.

Ndipo kelele zilipoanza. Wanawake walikuwa wanashuka kwa upande wa mto na watoto, na wanaume walikuwa wanapanda kuelekea kwenye matangi ya maji, alipokuwa Selemani. Sauti yake bado ilikuwa kwenye kipaza, lakini furaha ilikuwa imemtoka. Alikwisha kutambua kwamba amesema kitu. Hakujua ni kitu gani. Alikuwa anajaribu kukirekebisha, na kila akirekebisha anazidi kuharibu. Alisema: "N'ibiti! N'ibiti!" Alikusudia, ni miti. Lakini n'ibiti ni pia "kwa miti", na gongo nalo ni mti. Watu waliokwisha kuambiwa kwamba watashambuliwa sasa wakaelezwa watashambuliwa kwa silaha gani.

Konsolata alinyanyua uso. "Watamuua," alisema.

Nilikuwa najua mambo mawili kwa pamoja, na yote mawili yalinitia aibu na baridi. La kwanza, kwamba mimi nikienda kuwaeleza, mtu wa upande huu wa bonde, mwenye lafudhi ya upande huu, hawataniamini, pengine tutakuwa wawili pale chini. La pili, kwamba mtu pekee ambaye wangeweza kumsikiliza ni mmoja wao, na huyo alikuwa amelala mtaroni kando yangu, na mimi sikuwa na haki ya kumwomba. Sikumwomba. Aliinuka mwenyewe. Alirudi kitaluni akachukua kiriba kimoja, akakipangusa tope kwa kitenge kama mtu anayempangusa mtoto kabla ya kumpeleka kwa wageni, akaanza kushuka. Nikamfuata. Nilikuwa nimeshika ncha ya kitenge chake, na mpaka leo sijui kama nilikuwa namsindikiza au najificha nyuma yake.

Watu wale hawakuwa wabaya. Naomba mlielewe hilo mkisoma. Nilizipita nyuso zao karibu kabisa na zote zilikuwa na woga uleule niliokuwa nao mimi, isipokuwa wao walikuwa wameshika mawe na mipini ya majembe. Mwanamume mmoja alikuwa analia huku ameinua jiwe. Selemani alikuwa amesimama juu ya pipa, kofia imeanguka, damu inamtoka juu ya sikio. Alikuwa ameacha kusema. Kipaza sauti alikiweka kifuani kama ngao, na miguu ilikuwa inamcheza mpaka pipa linagonga.

Konsolata alinyoosha mkono, naye akampa kipaza. Nilidhani ataeleza. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga kichwani maelezo marefu kuhusu lugha. Yeye hakueleza. Alikaa kimya na kipaza mdomoni, tukamsikia akipumua, kambi nzima ikamsikia akipumua. Halafu akasema jina la mti.

"Umusave."

Akangoja.

"Umuvumu. Umwungo."

Alisema kila jina peke yake, polepole, kwa sauti ya mtu anayeita watoto wake kuja kula. Ilikuwa miti yetu ya kitaluni, mstari kwa mstari, kama tulivyoipanga. Lakini kwao ilikuwa miti ya nyumbani, ile ya nyuma ya nyumba na ya mipakani, na nadhani walikuwa hawajaisikia ikitajwa tangu walipoiacha. Alirudia umusave. Aliinua kile kiriba juu. Hakuweza kuendelea.

Kimya kile kilinitisha kuliko mawe. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa katikati ya wanaume, mdogo kiasi kwamba sikuweza kumwona, akasema kwa nguvu, "Umurinzi."

Konsolata akamjibu, "Umunyinya."

Na mtu mwingine akataja mti mwingine. Walitaja miti ambayo hata hatukuwa nayo. Yule mwanamume aliyekuwa akilia alitazama jiwe lake, akaliweka chini taratibu kama chungu, akaketi kando yake. Mtu fulani alimsaidia Selemani kushuka pipani.

Sitawadanganya kwamba hofu iliisha hapo. Familia nyingi zililala porini usiku huo na mvua ilinyesha. Bwana Kahwa aliporudi nikamsimulia, aliketi chini palepale na koti lake, akasema kwamba yeye ndiye aliyesema kilima badala ya miti. Nikamwambia hapana, na Kiswahili kimesema, na Kirundi kimesema, na uvumi umesema, sasa ainuke tukapakue miche.

Asubuhi hakuja mtu wa kambini. Tulisimama kilimani sisi wanne, Selemani na kitambaa kichwani, mashimo yote wazi yanatutazama, na wanakijiji wachache nyuma yetu na majembe, nao wanaogopa, maana walikuwa wamesikia kwamba kambi inakuja na mawe. Ukungu ulikuwa mzito. Kisha tukasikia nyayo chini yetu, nyingi. Vijana wetu wakaanza kurudi nyuma. Niliinua filimbi.

Ukunguni sauti ya mwanamke ikasema, "Umuvumu?"

Ilikuwa swali. Mtu alikuwa anapiga hodi. Konsolata akajibu, "Umusave," na wakatokea, wamebeba watoto mgongoni na miiko ya kuchimbia na makopo, kwa sababu majembe hawakuwa nayo. Kila kundi lililofuata lilifanya vivyo hivyo. Jioni ilipofika kilima kilikuwa kimeshapandwa, vibaya sehemu nyingine, miche mingine imekaa kama walevi, lakini kimepandwa. Uzio wa chemchemi haukujengwa. Nguzo zilizokuwa zimekatwa tuliziomba tukazifanya vivuli vya kitalu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetembea kilimani bila kutaja mti. Ukimkaribia mtu nyuma, unataja mmoja, naye anakujibu kwa mwingine, ndipo unasogea. Hatukuipitisha mkutanoni. Hata vijana wa mapanga waliifuata, kwa Kihangaza chao, mwanzoni kwa kucheka. Konsolata aliacha kuruka. Selemani hakukishika tena kipaza sauti. Alibeba maji ya kumwagilia kwa ndoo msimu mzima, kimya, na nilipomwambia nimeikosa sauti yake alisema na yeye ameikosa. Alirudi kwenye biashara yake Biharamulo na alifia huko, Mungu amrehemu.

Kambi ilipofungwa, Konsolata aliondoka na wengine. Niliogopa siku ile kuliko siku ya mawe, maana safari hii sikuweza kumfuata nimeshika kitenge. Gari lilipoanza kwenda nilishindwa kusema kwaheri, nikasema umusave. Alinijibu. Injini ilikuwa inanguruma na sikusikia ni mti gani. Sikupata habari zake tena.

Mwezi uliopita, baada ya kuwakabidhi filimbi, nilikwenda kilimani peke yangu. Siku hizi ni msitu kweli, ndani kuna giza, na mimi ni yule yule. Nikasikia nyayo nyuma yangu. Moyo ukaniruka, nikashika shina la karibu na mkono ukaenda kifuani kutafuta filimbi ambayo haipo. Nikataja mti bila kugeuka.

"Umunyinya," sauti ikajibu.

Alikuwa mama kijana wa kijijini, ana mzigo wa matawi makavu kichwani. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamwuliza hilo jibu amelipata wapi. Akashangaa kuulizwa. Akasema wote wanaookota kuni huku hujibu hivyo, hata watoto, ni desturi tu ya kilima, hajui ilitoka wapi.

Nilikuwa nahema, sikuweza kumweleza. Mkimkuta, mwambieni. Na mkitangaza siku ya kupanda, kwa lugha yoyote ile, semeni miti.